Mtaka Uzuri Si Lazima Adhurike

Katika somo la fasihi simulizi tulifundishwa kwamba methali haipingwi hovyo, kwa kuwa nyuma yake wamesimama wazee waliokwisha kuona mengi. Mimi leo napinga moja. "Mtaka uzuri hudhurika" ni methali nzuri ikitajwa darasani. Lakini nimeisikia, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zenye maneno ya maana hiyohiyo, ikitumiwa kumnyamazisha msichana aliyekaa kwenye kiti cha saluni huku ngozi ya kichwa chake ikivutwa mpaka nyusi zinapanda. Anaambiwa avumilie. Usiku anameza vidonge vya maumivu ili apate kulala. Baada ya miaka mitatu au minne anaanza kuulizia dawa ya kuotesha nywele za pajini, na anayemuuzia dawa hiyo mara nyingi ni yuleyule aliyemwambia avumilie.

Hoja yangu ni fupi. Sisi wanafunzi tunauliza sana kuhusu dawa za nywele, na siku hizi hata kuhusu kupandikiza nywele, lakini tunaanzia mwisho. Tunauliza "Nipake nini?" kabla ya kuuliza "Nywele hizi zinatoka kwa nini?" Na kwa wasichana wengi wa vyuo vya hapa Kampala, jibu la swali hilo la pili halimo ndani ya chupa yoyote. Nywele zinatoka kwa sababu zinavutwa.

Niwaeleze kwanza wasomaji wasiotoka Uganda. Katika shule zetu nyingi msichana huingia sekondari akiwa amenyoa, na baada ya miaka sita hutoka akiwa bado amenyoa. Sitetei sheria hiyo, nami mwenyewe niliichukia, lakini nakiri kwamba ilituacha na vichwa vizima. Mtihani wa mwisho ukiisha, kabla hata matokeo hayajatangazwa, nywele zinaachwa ziote. Tukifika chuo kikuu tunateremka Wandegeya, ambako saluni zimebanana kama vibanda vya sokoni. Nywele bado ni fupi, zimejikunja kama punje za pilipili, lakini msusi hodari hazimshindi. Anazikamata kwa ncha za vidole, anazikaza, na kuziunganisha na rasta inayofika kiunoni. Uzito ambao ungefaa kubebwa na nywele za miaka mitatu unawekwa juu ya nywele za miezi minne. (Jambo la pembeni kwa wapenzi wa lugha: misuko iliyolala kichwani, ile jamii ya twende kilioni, hapa Kampala huitwa biswahili. Kwa hiyo lugha ambayo wenzetu wa idara nyingine hudai ni ngumu na ya kigeni wameivaa kichwani siku nyingi.)

Sasa tutazame kinachotokea chini ya ngozi. Kila unywele umeota ndani ya kishimo kidogo kiitwacho kinyweleo. Uhai wote umo ndani ya kishimo hicho, kwa maana sehemu tunayoiona na kuichana haina uhai. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwezi, na za kwetu zinazojisokota hukua polepole kidogo kuliko hapo. Kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi, huanguka, na mwingine huanza mahali pake. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa. Kwa sababu ya kutojua hesabu hii watu wengi huibiwa. Aliyekaa na misuko kwa wiki sita akifumua, ataona bonge la nywele kiganjani na kupiga kelele. Lakini wiki sita ni siku 42, na 50 mara 42 ni nywele 2,100. Zilikuwa zimekwisha kujitoa siku kwa siku, zikabaki zimenaswa ndani ya msuko. Hazihitaji dawa. Ole wake akipiga kelele hizo mbele ya mwenye duka la mafuta.

Hatari yenyewe haipigi kelele namna hiyo. Kinyweleo kinachovutwa mfululizo huvimba. Kwanza mtu huhisi maumivu, kisha vipele vidogo hujitokeza kando ya paji la uso na juu ya masikio, wakati mwingine vikiwa na usaha. Uvutaji ukiendelea, nywele nene hugeuka kuwa laini kama za mtoto mchanga, zinapungua, na mwishowe kinyweleo kinakufa na kuwa kovu. Mara nyingi ukingoni kabisa hubaki utepe mwembamba wa nywele fupi, zile ambazo vidole vya msusi havikuweza kuzikamata, na nyuma ya utepe huo kuna uwanja mtupu. Anayetaka ushahidi kwamba kosa ni la kuvuta na si la uchawi wala maji ya Kampala, autazame utepe huo. Nywele ambazo hazikuvutwa zimebaki.

Kabla kovu halijaja, kuacha kuvuta hutosha kwa wengi, na nywele hurudi kwa miezi kadhaa. Kovu likishakuja, hakuna mafuta yanayoota juu yake. Hili ningetamani lingebandikwa kwenye mlango wa kila saluni.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Waafrika. Yalielezwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, ambao walifunga nywele zao kwa kuzikaza juu ya utosi mpaka za pembeni zikatoweka. Ila kwetu yameenea kupita kiasi. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, daktari wa ngozi, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuchunguza vichwa vya watu wazima Waafrika jijini humo. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa amepoteza nywele kwa kuvutwa. Kwa wasichana wa shule waliona kwamba tatizo huongezeka kadiri wanavyopanda madarasa, na kwamba kusuka juu ya nywele zilizolainishwa kwa dawa kuna hatari kubwa zaidi. Hilo la mwisho halishangazi. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina magadi makali ambayo huvunja nguvu ya unywele wenyewe. Kisha sisi tunauchukua unywele uliovunjwa nguvu na kuutundikia mzigo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa hivyo bwenini: bibi zetu walisuka, mbona hawakuwa na upara? Bibi zetu walisuka nywele zao wenyewe. Msuko wa bibi haukuwa na nusu kilo ya nyuzi za plastiki, haukugundishwa kwa gundi, na haukukaa miezi miwili kwa sababu umelipiwa fedha ya chakula cha wiki mbili. Alifumua, akaosha, akakaa na nywele wazi, akasuka tena jirani alipopata nafasi. Na simtakasi bibi kwa kila kitu, maana uzi nao ukikazwa huvuta. Lakini anayemleta bibi kama shahidi wa rasta za kiunoni anamsingizia.

Nina mwenzangu wa hosteli ambaye tangu mwaka wa pili hakuna aliyemwona bila wigi. Analala nalo. Amenipa ruhusa niandike habari hii bila jina lake. Katika mihula miwili alinunua mafuta ya nyonyo, mafuta ya habat soda, maji ya kitunguu yaliyotiwa manukato, dawa ya kupuliza yenye picha ya mwanamke mwenye nywele za farasi, na vingine ambavyo hata lebo havikuwa nayo. Tulizihesabu chupa pamoja: zilikuwa kumi na moja. Nikamuuliza ni muuzaji gani aliyekitazama kichwa chake. Hakuna. Kati ya watu wote waliochukua fedha yake, hakuna hata mmoja aliyemwomba avue wigi. Aliulizwa tu kama anataka chupa kubwa au ndogo. Alipokwenda hatimaye kwenye kliniki ya ngozi, jambo la kwanza aliloombwa lilikuwa kuvua wigi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wauza mafuta ulipo. Sisemi mafuta yote ni sumu. Mafuta ya nazi hulainisha unywele na kuupunguzia kukatika, basi, kazi yake inaishia hapo. Ubaya wao ni kujibu bila kuuliza. Chupa moja inatajwa kuponya upara wa kurithi, mba, mapunye, kukatika kwa nywele na "mizizi iliyolala". Hayo ni mambo matano tofauti. Mapunye ya mtoto, kwa mfano, ni fangasi inayoingia ndani ya unywele wenyewe, na ndiyo maana mafuta ya kupaka hayaimalizi. Mtoto huhitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, na nduguze wachunguzwe. Mama anayempaka mtoto kitunguu kwa miezi mitatu anawapa fangasi muda wa kuhamia kwa watoto wengine wa nyumba.

Na kitunguu hicho! Kila mtu ananiambia "kimethibitishwa na wanasayansi". Upo kweli utafiti mdogo wa Baghdad, uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu maji ya kitunguu. Lakini wagonjwa wake walikuwa na mabaka ya upara yanayokuja ghafla, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvishambulia vinyweleo, na ambao mara nyingi hupona wenyewe hata usipopaka kitu. Haukuhusu nywele zilizovutwa, wala upara wa kurithi, wala kovu. Kuuchukua utafiti huo na kumuuzia msichana aliyeharibiwa na misuko ni sawa na kumpa mwenye mguu uliovunjika dawa ya malaria kwa sababu ilimponya jirani.

Mafuta hupata sifa zaidi katika jambo jingine, nalo linastahili kufahamika kwa undani kwa sababu ndilo linalowapotosha hata wasomi. Baada ya homa kali, upasuaji, kujifungua, njaa au msiba mzito, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja. Hazianguki siku hiyo. Huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, kwa wingi wa kutisha, kichwa kizima. Mtu anaugua malaria kali mwezi wa pili, nywele zinapukutika mwezi wa tano, naye anailaumu sabuni ya nywele aliyoinunua mwezi wa nne. Kisha anaanza mafuta. Mwezi wa kumi nywele zimerudi, kama ambavyo zingerudi bila ya mafuta, na muuzaji amepata shahidi mwaminifu wa maisha. Shahidi huyo hasemi uongo, ila ameunganisha mambo mawili ambayo hayakuungana.

Nisieleweke kwamba kila upara wa mwanamke ni kosa la msusi. Upo ugonjwa unaoanzia utosini na kupanuka kama duara, ukiacha makovu, mara nyingi ukiambatana na mwasho au hali ya kuungua, nao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 1968, ulipoandikwa na madaktari wa Marekani, lawama iliangukia kitana cha moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu ya kurithi katika jeni moja inayohusika na kuujenga unywele. Kwa hiyo wanawake wengi waliolaumiwa kwa vitana vyao walikuwa wamezaliwa na mlango wazi. Hata upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo hupunguza nywele. Hizi ni sababu zaidi za kuuliza kwanza, kwa sababu dawa ya mmoja haimfai mwingine, na ugonjwa wa makovu haumsubiri mtu amalize chupa ya kumi na moja.

Kwa kaka zetu nitakuwa mfupi, kwa kuwa habari zao ndizo zinazosemwa kila mahali. Upara unaoanzia kwenye panja na utosini ni wa kurithi, kutoka pande zote mbili za ukoo na si kwa babu mzaa mama peke yake. Homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni, hudhoofisha vinyweleo vya juu ya kichwa na kuviacha vya kisogoni. Watu huutania kwamba ni dalili ya fedha. Utani huo una upande wake wa giza: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye upara wameuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu.

Dawa mbili zina ushahidi wa kweli, na historia zao zinapaswa kutupunguzia imani ya miujiza. Minoksidili ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 ikakubaliwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani. Finasteridi ilikuwa ya tezi dume, ikakubaliwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Zote mbili hufanya kazi kwa muda zinapotumika tu. Ukiacha, faida yake inapotea ndani ya miezi. Minoksidili huweza hata kuongeza kupukutika katika wiki za mwanzo, na wengi huitupa hapo hapo. Finasteridi huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke mjamzito hatakiwi kuitumia kwa sababu inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Vikaratasi vya maelezo vimo ndani ya boksi. Nilivyoviona mimi katika maduka ya dawa ya Wandegeya vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na wauzaji wa mitaani huuza dawa hiyo ikiwa imemiminwa katika chupa nyingine, bila kikaratasi.

Tuje kwenye kupandikiza, maana ndiko ndoto za wengi zilikohamia. Simu zetu zimejaa picha za wanaume wenye bendeji kichwani wakitoka Istanbul, na ndege za kwenda huko zinaondoka Entebbe. Watu wanazungumza kana kwamba huko kuna shamba la nywele mpya. Hakuna nywele mpya. Daktari Norman Orentreich wa New York, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1952 na kuichapisha mwaka 1959, alionyesha kwamba unywele wa kisogoni ukihamishiwa mbele huendelea na tabia ya kisogoni: haudhoofishwi na DHT. Ni kuhama tu, kama mtu anayeng'oa mche kwenye kitalu kimoja na kuupanda kingine. Kitalu cha kisogoni kina mwisho, na kilichochukuliwa hapo hakirudi. Kijana wa miaka 22 anayepandikiza nywele za mbele wakati upara wake bado unasonga anaweza kujikuta na kisiwa cha nywele paji la uso na bahari ya ngozi nyuma yake.

Kwa watu wenye nywele kama zetu kuna mambo mawili zaidi ambayo matangazo hayayataji. Unywele wetu haujisokoti nje peke yake. Mzizi wake pia umepinda chini ya ngozi. Kifaa cha kuchimba unywele mmoja mmoja kikienda wima, kinaukata mzizi, na unywele huo umekufa kabla ya kuhamishwa. Inahitajika mikono iliyozoea nywele za namna hii. Pili, baadhi yetu tuna ngozi zinazotoa makovu makubwa yaliyovimba hata kwa kutoboa sikio. Mtu kama huyo akichimbwa mashimo elfu mbili kisogoni anacheza na jambo zito. Na hata mambo yakienda vizuri, nywele zilizopandwa huanguka katika wiki za mwanzo, huanza kuota baada ya miezi mitatu au minne, na hukamilika baada ya mwaka mmoja hivi. Mteja asiyeambiwa hayo atadhani ametapeliwa hata pale ambapo hakutapeliwa.

Kupandikiza kunaweza kumsaidia mwanamke ambaye paji lake limeliwa na misuko. Sikatai. Lakini kuna sharti moja lisilokwepeka: uvutaji uwe umekwisha kabisa. Nywele zilizohamishwa hazina kinga dhidi ya vidole vya msusi. Sasa mtu alipe fedha za kusomea miaka kadhaa, apasuliwe, angoje mwaka, halafu arudi Wandegeya kukaza rasta?

Baada ya kuwashambulia wauza mafuta na matangazo, naona haya kuwaacha wasomaji wa mkusanyiko huu wakitabasamu. Wasichana hawajikazi vichwa kwa sababu ni wajinga. Wanajua kinachosemwa juu yao. Tulipojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha tuliambiwa nywele ziwe "nadhifu", na kila aliyekaa ukumbini alielewa kwamba nywele fupi za asili, zilizochanwa na kupakwa mafuta kidogo, hazimo katika unadhifu huo kwa mwanamke mtu mzima. Mwenzetu mmoja aliyesimama na afro safi aliulizwa kama amesahau kwenda saluni. Aliyeuliza hakuwa muuza mafuta. Wahadhiri wetu wapendwa, nawaheshimu, na kwa heshima hiyohiyo nasema kwamba swali kama lile ndilo linalowajaza wateja Wandegeya kuliko tangazo lolote. Tukihesabiwa nadhifu na nywele zetu kama zilivyo, msuko utakuwa hiari, na mwenye hiari huweza kusema inatosha.

Nawaomba pia wahadhiri wa tafsiri jambo moja ambalo halina gharama. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa Uganda, tumetafsiri darasani hotuba na barua za serikali bila kuhesabu. Tupeni vile vikaratasi vya ndani ya boksi. Tupeni maelezo ya dawa ya mapunye kwa mama, na maelezo ya upasuaji ambayo mgonjwa huwekewa mbele atie sahihi. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 ambacho wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Wengi wao huhudumia wagonjwa wanaoelewa Kiswahili kuliko Kiingereza. Kinyweleo, panja, utosi, kisogo, mba, mapunye, kunyonyoka, kupukutika, kukatika: maneno tunayo, na ni mazuri. Kupukutika si kukatika, na tofauti hiyo peke yake ingewaokoa watu wengi fedha, kwa sababu unywele uliokatika katikati haukutoka mzizini na hauhitaji dawa ya kuotesha.

Kwa wasichana wenzangu, sitawaambia wanyoe. Mimi nasuka. Nasuka misuko minene kiasi, mifupi, na nywele za ukingoni naziacha nje. Kikiuma kichwa, namwambia msusi afumue alegeze, hata kama foleni inanung'unika. Baada ya kufumua nakaa wiki mbili au tatu bila kitu. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha huwa sizitundikii rasta kabisa. Vipele vikitokea ukingoni, misuko inatoka siku hiyohiyo, hata kama imekaa siku mbili na imegharimu fedha ya nauli. Na mahali panapowasha, panapoungua, panapong'aa kama kovu au panapopanuka mwezi hadi mwezi, ni pa kupeleka kliniki ya ngozi, Mulago au kwingineko, kabla ya kupeleka dukani.

Msusi wangu wa Wandegeya, ambaye ni mtu mwema na anajua kazi, hapendi masharti haya. Juzi aliniambia, "Nyabo, biswahili vilivyolegea namna hii havitafika wiki tatu." Nikamwambia wiki mbili zinanitosha.